Mbwa koko na bustani ya maweni

Naishi Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, na ningependa wageni wanaohamia kwetu wamwelewe jirani kabla hawajamhukumu. Kumwokota mbwa koko mgonjwa na kumtibu ni wema mkubwa. Dini yetu inahimiza huruma kwa wanyama. Lakini wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na mate ya mbwa ni najisi kwetu. Yakigusa chombo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mzee anayemkwepa mbwa wako njiani hakuchukii hata kidogo, anailinda kanzu atakayoswalia. Mfunge kamba, mpatie chanjo ya kichaa cha mbwa, na usimpitishe karibu na msikiti. Utaona watu wanavyokuzoea.

Na kuhusu kulima chakula chenu, msije na hesabu za matuta marefu. Huku uwandani chini ni jiwe la matumbawe, na udongo umejikusanya kwenye vishimo tu. Humo ndimo tunamotia muhogo, kunde na mipapai. Rundika majani makavu na samadi ya mbuzi, panda masika yakianza, na uikinge bustani na upepo wa bahari, maana chumvi huunguza majani. Anza na mchicha na matembele, nyanya zisubiri. Mbegu ya muhogo waulize kina mama wa mtaani: watakukatia vipande vya miti na kukuonyesha shimo lipi lina udongo wa kutosha.