Kolwezi ikalie kazi ya mikono yake

Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani vimehifadhiwa viti vya machifu wa Kichokwe ambavyo mtu wa Kolwezi alistahili kuvijua kabla ya mgeni yeyote. Vingi vilichongwa karne ya 19, katika nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Angola, Zambia na Kongo, zikiwemo wilaya za Dilolo, Sandoa na Kapanga mkoani Lualaba. Umbo lake ni la kiti cha Kireno: miguu minne, mgongo wa kuegemea, ngozi iliyowambwa juu ya fremu na kupigiliwa misumari ya shaba ya njano. Ila kwenye vipago vinavyounganisha miguu, fundi amejaza watu. Wanawake wanatwanga, wachezaji wa jando wamevaa barakoa, msafara unapita, Mzungu amepanda ng'ombe.

Kigoda cha heshima cha zamani kilichongwa kutoka pande moja la mti. Kiti cha Kireno kilidai ufundi mwingine kabisa: kutoboa tundu, kuchonga ulimi, kuunganisha vipande mpaka vikae imara. Wachokwe walijifunza ufundi huo, kisha wakaubebesha habari zao wenyewe. Aliyekalia kiti kile hakugeuka Mreno kwa kukikalia. Uchifu wake ndio ulioonekana zaidi.

Kwa hiyo anayedai kwamba samani za Lualaba zirudi kwenye asili safi isiyoguswa na mgeni anadai kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Pwani nako ni vivyo hivyo. Kiti cha enzi cha Lamu, chenye nakshi za pembe na kamba zilizosukwa, kina damu ya Misri, ya Ureno na ya India, na hakuna Mswahili anayekikana kwa sababu hiyo. Kuchanganya ni jadi. La kuulizwa ni mkono wa nani unaochanganya, na faida inabaki wapi.

Kolwezi ya leo inajibu swali hilo vibaya. Tangu mji huu uwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, ofisi, hoteli na nyumba za wageni zimejengwa kwa kasi. Ndani yake wanakaa Wakongo wa kila mkoa, Wachina, Wahindi, Walebanoni na Wazungu wa migodini. Mchanganyiko wa watu upo, tena mwingi. Mchanganyiko wa kazi haupo: sofa nene za ngozi bandia, kabati la unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, meza ya kioo, vyote kutoka kwenye kontena lililopita mpakani Kasumbalesa. Kiangazi cha kwanza kikipita, karatasi ya juu ya kabati huanza kubanduka pembeni.

Linaloumiza zaidi ni safari ya mti. Mukula, mti mwekundu wa miombo ya Katanga, ulikatwa kwa fujo katika muongo uliopita na kupelekwa China ukiwa magogo, huko unakopendwa kwa samani za fahari za mtindo wa kale wa Kichina. Mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES uliuweka chini ya udhibiti. Yaani mbao za hapa zilitumika kulinda ufundi wa wenzetu, na maseremala wa kando ya barabara za Kolwezi wakabaki wakitengeneza vitanda kwa mbao mbichi ambazo hupinda na kupasuka kabla mteja hajamaliza kulipa. Mafundi hao wanajua randa na patasi. Walichokosa ni tanuri la kukaushia mbao na mteja anayeweza kusubiri.

Mawe nayo yana habari yake. Malakiti, jiwe la kijani lenye mawimbi linalotoka katika migodi ya shaba, huuzwa Kolwezi na Lubumbashi likiwa visahani vya majivu, visanduku, mamba wadogo na mabao ya sataranji. Ni kazi nzuri, lakini imesimama palepale kwa miaka mingi. Warusi walipojenga upya Jumba la Majira ya Baridi la St. Petersburg baada ya moto wa 1837, walipamba ukumbi mzima kwa malakiti ya milima ya Ural. Nguzo zile si jiwe zima. Mafundi walikata vipande vyembamba, wakavipanga mawimbi yafuatane, wakavibandika juu ya kitu kigumu. Kwa njia hiyo jiwe dogo hufunika meza kubwa. Mbinu hiyo Kolwezi inaiweza kabisa, mradi jiwe likatwe kwa msumeno wa maji na fundi afunike pua, kwa kuwa vumbi la malakiti ni vumbi la shaba na linadhuru mapafu.

Shaba yenyewe ilifuliwa huku karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, kuanzishwa mwaka 1906: misalaba ya Katanga iliyotumika kama fedha, na nyaya nyembamba ambazo Wayeke wa Bunkeya walizivuta wakafanya bangili. Mwaka 2015, Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi, alionyesha mjini Venice kuba la shaba lililopambwa kwa michoro ya chale za miili ya Wakongo. Umbo la kuba alilitoa katika kanisa moja la Liège, Ubelgiji. Huo ni ukoo uleule wa kiti cha Kichokwe. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kulala katika hoteli ya Kolwezi, juu ya moja ya hazina kubwa za shaba duniani, asiguse kipande kimoja cha shaba kilichofuliwa na jirani.

Tena mji huu una shida yake ambayo hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachoifikiria. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walichimba kobalti hadi ndani ya vyumba vyao. Katika mtaa wa Cité Gécamines, familia zimelazimika kuhama kwa sababu ya mgodi. Nyumba ya Kolwezi haina hakika ya kubaki ilipo. Samani zinazoifaa ni zile zinazofunguka kwa kugonga kabari, zikapakiwa kwenye toroli, zikafungwa tena mtaa mwingine bila kulegea. Ulimi na tundu vinatosha kwa kazi hiyo.

Sheria ya Februari 2017 imetenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Ni sheria njema, lakini Mkongo anayeleta kontena na Mkongo anayeranda mbao inawahesabu sawa. Zabuni za mkoa na za migodi zitaje kazi iliyofanyikia Lualaba. Aidha, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Tanuri moja la mbao na karakana moja ya malakiti yenye misumeno ya maji vinaingia humo bila kutikisa bajeti ya mgodi wowote. Kiti cha kwanza kitakuwa ghali kuliko cha kwenye kontena, na cha pili pia. Gharama hiyo ibebwe na mkoa, migodi na hoteli, kabla ya kumwomba mwalimu wa mtaa wa Manika anunue kiti cha nyumbani kwa ajili ya uzalendo.