Straika mtoro ndiye kipimo cha kanuni za timu za shule Karatu, Ngorongoro

STRAIKA tegemeo wa timu ya shule hajaonekana darasani tangu Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Kesho kuna mechi ya kutafuta nafasi ya kwenda ngazi ya wilaya, na mashabiki wa mtaani wameshaanza kutambiana. Saa 10 jioni, wenzake wakiwa wanapasha misuli, kijana anatokea na viatu vya mpira begani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu wa michezo afanye nini?

Ukiuliza vijiweni, jibu ni rahisi: acheze, mambo mengine Jumatatu. Ukimuuliza mwalimu wa taaluma, jibu ni rahisi pia: afukuzwe kwenye timu. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, majibu yote mawili yana kasoro.

Kila inapokaribia Juni, msimu wa UMISSETA, shule za sekondari hubandika masharti ya timu kwenye mbao za matangazo. Mashindano hayo huanzia shuleni, yakapanda hadi wilaya na mkoa, na mwisho mikoa hukutana kitaifa. Njia ni moja kwa mtoto wa Dar es Salaam na wa Endulen. Mazingira ya kuifuata njia hiyo ndiyo hayafanani.

Masharti yenyewe

Masharti ya timu za shule hayatofautiani sana popote nchini. Mchezaji awe mwanafunzi halali aliyesajiliwa na shule. Awe na umri unaotakiwa na mashindano. Ahudhurie vipindi, asiporomoke kwenye mitihani. Afike mazoezini kwa wakati. Asimtukane refa wala mpinzani. Atunze jezi, maana ni ya shule na mwakani itavaliwa na mwingine. Mzazi au mlezi ajue mtoto anasafiri.

Shule nyingine huongeza sharti ambalo vijana hawalipendi: hakuna kucheza ndondo bila ruhusa. Ndondo ndiyo inayowapa vijana jina mtaani na wakati mwingine nauli mfukoni. Lakini kijana akivunjika goti Jumapili kwenye mechi ya kuwania mbuzi, Jumatatu aliyemkodi haonekani. Anayebaki na mgonjwa ni mzazi, na shule inayobaki bila beki wa kati.

Hakuna sharti la ajabu hapo. Mchezaji yeyote wa kidato cha pili anaweza kuyakariri yote. Ugumu unakuja siku anayeyavunja anapokuwa ndiye mfungaji bora. Mchezaji wa akiba akikosa darasa siku nne, kanuni hutekelezwa kabla ya jua kuzama. Straika akifanya hivyo hivyo, kikao huitwa, busara hutafutwa, na kanuni huwekwa kabatini hadi baada ya mechi. Wachezaji wengine 17 wanaona yote hayo.

Mamluki hawajileti

Kanuni inayovunjwa kwa uwazi zaidi kwenye mpira wa shule ni ile ya uhalali wa mchezaji. Mamluki ni neno la zamani michezoni, na kila shabiki analijua: kijana asiye mwanafunzi, au wa shule nyingine, au aliyemaliza, anavalishwa jezi na kupewa jina la mtu. Aliyefanya mtihani wa kidato cha sita Mei si mwanafunzi tena Juni, hata kama bado ana sare ya shule nyumbani.

Mamluki hajileti uwanjani mwenyewe. Fomu hujazwa na mtu mzima, picha hubandikwa na mtu mzima, muhuri hugongwa na mtu mzima. Kijana wa miaka 16 anafundishwa na mwalimu wake kwamba kudanganya ni mbinu ya ushindi, kisha wiki inayofuata mwalimu huyo huyo anamwadhibu kwa kuchelewa mazoezini.

Gharama ya udanganyifu huo Tanzania imeshailipa. Serengeti Boys ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005, ikaondolewa kwa kosa la kuchezesha aliyezidi umri, na Zimbabwe ikachukua nafasi yake. Kikosi kizima kilikosa safari kwa kosa lililofanyika kwenye makaratasi.

Miaka 12 baadaye upepo ukageuka. Katika kufuzu fainali za 2017, Serengeti Boys iliifunga Kongo Brazzaville 3-2 nyumbani, ikafungwa 1-0 ugenini na kutolewa kwa bao la ugenini. Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji Langa-Lesse Bercy. Kongo ikashindwa kumpeleka kupimwa kwa MRI, ikaondolewa, na vijana wa Tanzania wakaenda Gabon. Huko walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, na safari yao ikaishia kwa Niger kwa bao 1-0.

Mwaka 2019, fainali hizo zilipochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika hadi fainali. Baadaye CAF ikaiondoa kwenye tiketi ya Kombe la Dunia la vijana kwa utata wa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake wawili, na Senegal ikaenda Brazil badala yake.

Kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana hao mwaka 2009, hakipo Karatu wala Loliondo kwa mechi ya shule. Kinga iliyopo huko ni rejista ya mahudhurio na mwalimu anayekataa kugonga muhuri. Tarehe ya kuzaliwa ikichezewa kwenye fomu ya shule, ndiyo hiyo hiyo kijana ataibeba akienda akademi, kwenye klabu na kwenye pasipoti.

Mazoezi ya saa 10, nyumbani saa ngapi?

Kanuni ya mazoezi ndiyo inayohitaji kuangaliwa upya zaidi katika wilaya hizi. “Kila mchezaji afike mazoezini saa 10 jioni” ni sentensi nyepesi Karatu mjini, pembeni ya lami ya kwenda lango la Lodoare. Kwa mwanafunzi wa kutwa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, sentensi hiyo ina nyati na tembo ndani yake. Mazoezi yakiisha saa 12, giza linamkuta njiani.

Matokeo yake ni rahisi kuyatabiri. Anayelala bweni anahudhuria siku zote, wa kutwa anaonekana mtoro. Timu inaishia kuwa ya bweni, na kipaji kinachotembea saa nzima kwenda shule kinaachwa kwa sababu ya saa, wala si kwa sababu ya mguu.

Safari za mechi nazo ni hesabu nyingine. Wilaya ya Ngorongoro ina tarafa tatu: Ngorongoro, Loliondo na Sale. Mchezaji wa Nainokanoka, juu kwenye baridi ya kreta, akiitwa kwenye mchujo wa wilaya kule Wasso, hapandi daladala akashuka. Lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imepunguza vumbi kwa watu wa Digodigo na Samunge, ile Samunge ya kikombe cha Babu mwaka 2011, lakini sehemu kubwa ya wilaya bado ni safari ya kupangwa. Timu ya Karatu ikienda kucheza ndani ya hifadhi, dereva anaangalia saa kuliko refa, kwa sababu lango hufungwa jioni.

Ndiyo maana kanuni ya mazoezi huku inatakiwa iandikwe kwa kuangalia ramani. Mazoezi ya mapema asubuhi kwa wa bweni na kipindi cha michezo ndani ya ratiba kwa wote yanaweza kumpa nafasi wa kutwa. Mechi za Jumamosi zikipigwa saa 4 asubuhi badala ya saa 10 jioni, wageni wanarudi mchana. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mfadhili.

Kitunguu, ng'ombe na rejista

Kuna utoro na kuna utoro. Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, msimu wa kuvuna vitunguu unahitaji mikono mingi, na mikono ya kijana wa miaka 16 huwa ya kwanza kuitwa. Kwenye familia za wafugaji, kiangazi kikiwa kirefu mifugo husogezwa mbali, na mtoto wa kiume anaweza kutakiwa kuifuata. Kijana aliyekosa siku nne kwa sababu hiyo hafanani na aliyekosa siku nne kwa kuzurura stendi au kukodiwa na timu ya ndondo.

Kanuni nzuri inawauliza wote wawili swali moja: ulikuwa wapi? Haiwapi wote jibu moja. Wa kwanza anahitaji mwalimu azungumze na mzazi kabla ya msimu, ili mavuno na mechi zipangwe bila kugombana. Wa pili anahitaji adhabu. Lakini hata wa kwanza, kama hakuingia darasani wiki nzima, hachezi Jumamosi. Vinginevyo kila mwenye kiatu kizuri atakuwa na shamba la vitunguu.

Wapo wanaodhani ukali huu unaua vipaji. Historia inaonyesha kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya UMISSETA na ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yalisimamishwa, huku hoja ikiwa kwamba michezo inakula muda wa masomo. Wadau wa soka walilalamika miaka mingi kuhusu pengo hilo. Kila timu inayochezesha watoro inawapa hoja wale ambao wangependa kuona marufuku hiyo ikirudi.

Na wapo waliopita darasani wakafika mbali. Kelvin John, nyota wa Serengeti Boys, alikwenda kusoma na kucheza Brooke House College, Leicestershire, Uingereza, kabla ya kusajiliwa na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Kanuni za FIFA zinabana uhamisho wa kimataifa wa walio chini ya umri huo, kwa hiyo shule ilikuwa sehemu ya njia yake.

Karatu yenyewe haina shida ya pumzi. Ni nyumbani kwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Pumzi hiyo kwenye soka inahitaji mtu wa kuipangia muda, kuitunza na kuisomesha.

Wasichana wasisahaulike

Masharti mengi ya timu huandikwa kana kwamba wachezaji wote ni wavulana. Mwaka 2022 Serengeti Girls ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, baada ya kuifunga Ufaransa 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Kanada. Baada ya hapo hakuna mwalimu mwenye haki ya kusema soka la wasichana ni la kujazia ratiba.

Kwa timu ya wasichana, kanuni ya kwanza inawahusu watu wazima: awepo mwalimu wa kike kwenye kila safari, mahali pa kulala pajulikane kabla ya gari kuondoka, na mzazi awe na namba ya kupiga. Katika jamii ambazo baba bado anajiuliza kwa nini binti acheze mpira, safari moja iliyoharibika inatosha kufunga mlango kwa wadogo zake wote.

Jibu la Ijumaa

Turudi kwa straika na viatu vyake begani. Kanuni ikiwa iliandikwa Januari, ikasomwa mbele ya wachezaji na wazazi, na ikasema asiyehudhuria masomo wiki hiyo hachezi mwisho wa wiki, mwalimu hana kikao cha kuitisha. Kijana anafanya mazoezi na wenzake, anasafiri na timu, anabeba maji, hachezi. Jumatatu mwalimu anamtafuta mzazi kujua kilichomweka nje ya darasa. Sababu ikiwa ni umbali au kazi za nyumbani, shule inakaa na familia kutafuta njia. Ikiwa ni ndondo, achague.

Timu inaweza kufungwa Jumamosi. Mashabiki watanuna, na mkuu wa shule jirani atatamba hadi likizo. Lakini beki wa pembeni aliyewahi kila siku, ambaye jina lake halitajwi kijiweni, atakuwa amejua kwamba kanuni aliyoitii ilikuwa ya kweli. Na straika akirudi wiki inayofuata, akakaa darasani Jumatatu hadi Ijumaa, ataingia uwanjani kwa haki yake, mabao yake yakiwa halali kuanzia kwenye rejista.