Kilindoni si Kilindini: Majina ya kompyuta yasipolingana, biashara husimama

MCHUKUZI yeyote wa pwani anajua kwamba Kilindoni iko Mafia na Kilindini iko Mombasa. Tofauti ni herufi moja tu, lakini gunia la nazi likiandikwa vibaya linaweza kuelekezwa nchi nyingine. Mchukuzi mwenye akili atauliza, atacheka, kisha atasahihisha. Kompyuta haiulizi wala haicheki. Ikiambiwa imtafute Kilindini, itamtafuta huyo huyo, na ikimkosa itasema hayupo.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaweza kulilipia bila kulijua. Vyama vya ushirika vya mazao, SACCOS, wanunuzi wa samaki na wenye maduka ya jumla wameanza kutunza hesabu zao katika kompyuta zaidi ya moja, zilizo mahali tofauti. Siku mambo yakikwama, neno la kwanza kusikika ni "mtandao hakuna". Mkulima anaambiwa arudi kesho. Lakini zipo siku ambazo mtandao upo, umeme upo na kompyuta zote ni nzima. Kilichokosekana ni kuelewana kuhusu majina.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa nazi na samaki wakavu mwenye ofisi Kilindoni, ghala Nyamisati na duka Dar es Salaam. Kila mahali ana kompyuta, na programu yake ya kanzidata inatunza daftari moja lenye nakala tatu. Mauzo yakiandikwa Dar es Salaam, yanaonekana Kilindoni. Kompyuta moja ikiharibika, mbili zinaendelea na kazi. Kwa mtu wa kisiwani faida hiyo si ndogo, kwa kuwa fundi hawezi kufika kwa bodaboda. Lazima avuke bahari au apande ndege.

Mifumo mingi ya aina hiyo huendeshwa kama kikao cha ushirika. Kabla ya kupitisha jambo, lazima akidi itimie. Kwa nakala tatu, akidi ni mbili. Katibu huita majina kutoka kwenye daftari, na mjumbe huitika. Sasa tuseme kompyuta ya kisiwani inajiita Kilindoni, lakini katika daftari za wenzake imeandikwa Kilindini. Inaitwa, haiitiki. Inajaribu kuingia, inaambiwa haitambuliki. Mjumbe yuko mlangoni, lakini hahesabiwi.

Kwa siku ya kwanza mwenye mali anaweza asihisi lolote, maana Nyamisati na Dar es Salaam bado wanatimiza akidi. Hatari ni siku ya pili, pale ghala la Nyamisati linapokatikiwa umeme. Sasa amebaki mjumbe mmoja. Mfumo unakataa kuandika malipo mapya, na unafanya hivyo kwa haki, kwani ukikubali kila kompyuta iandike kivyake, kesho kutakuwa na madaftari mawili yanayopingana. Mvuvi aliyeleta pweza hawezi kuingizwa kwenye hesabu, na mwenye nazi hapati stakabadhi.

Majina huachanaje? Njia ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kompyuta inaharibika, inanunuliwa nyingine, na fundi anaipa jina linalomjia kichwani. Njia ya pili ni jina fupi na jina kamili. Mmoja anaandika "kilindoni", mwingine anaandika jina hilo pamoja na jina la kampuni. Kwa binadamu ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni watu wawili.

Njia ya tatu ni namba. Nyuma ya kila jina kuna anwani ya namba inayotumiwa na mtandao. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa namba upya, na faili la majina likabaki na namba ya zamani. Njia ya nne ndiyo inayosumbua zaidi. Kuna kompyuta ambazo zimepangwa kiasi kwamba jina lake linaelekeza kwake yenyewe, kwa namba ya ndani ambayo kila kompyuta duniani inayo. Inapowaambia wenzake inakopatikana, ni kama mtu anayesema "njooni nyumbani" bila kusema nyumbani kwa nani. Kila mwenzake anarudi kwake na kukuta hakuna mgeni.

Watu wa Mafia wanaijua habari hii kuliko wanavyodhani. Kisiwa kikubwa kiliwahi kuitwa Chole Shamba, kwa sababu mji ulikuwa katika kisiwa kidogo cha Chole na mashamba yalikuwa ng'ambo. Wajerumani nao waliweka ofisi zao Chole kabla ya kuzihamishia Kilindoni mwanzoni mwa miaka ya 1910, kufuata maji ya kina. Aliyeendelea kuandika "Chole" juu ya barua ya serikali baada ya hapo hakukosea jina la zamani. Alikosea kwa kutokujua kwamba ofisi imehama.

Wakubwa wa teknolojia nao walipitia huko. Katika mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, majina ya kompyuta zote yalitunzwa katika faili moja kwenye taasisi ya utafiti ya SRI huko California, na kila kituo kilichukua nakala yake. Kompyuta zilipoongezeka, nakala zikawa zinapitwa na wakati. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa majina ambao intaneti inautumia hadi leo, ambapo kompyuta huuliza jina kwa wanaohusika nalo badala ya kutegemea karatasi ya zamani. Lakini katika ofisi ndogo faili lile la majina bado lipo ndani ya kila kompyuta, na bado linapitwa na wakati.

Uchunguzi wake hauhitaji miujiza. Fundi anatakiwa aulize maswali manne, tena katika kila kompyuta, si katika ile iliyogoma peke yake. Wewe unajiitaje? Faili lako la majina linasemaje kuhusu wenzako? Ukimwita mwenzako kwa jina, unapelekwa kwenye namba gani? Na daftari la wajumbe ndani ya kanzidata limeandika nani? Majibu yapangwe katika jedwali moja. Kwa kompyuta tatu ni karatasi moja tu. Pale safu zinapotofautiana, hata kwa herufi moja au nukta moja, ndipo pa kuanzia. Kumbukumbu za matukio za programu zisomwe pia, maana mara nyingi zinalitaja lile jina lililokataliwa.

Linalostahili kukemewa ni dawa za haraka. Wapo mafundi ambao, wakiona ujumbe kwamba jina halilingani na cheti cha kidijitali, huzima ukaguzi wenyewe ili ujumbe upotee. Huko ni kumfukuza mlinzi kwa sababu alimzuia mwenye nyumba mara moja. Ukaguzi wa jina ndio unaozuia kompyuta ya mwizi kujifanya ya Kilindoni na kupokea taarifa za malipo. Wengine huifuta kompyuta iliyokataliwa na kuijaza upya kutoka kwa wenzake, kabla ya kuhakikisha ni nani mwenye maandishi ya karibuni zaidi. Kazi yoyote ya kubadili majina itanguliwe na nakala rudufu, na ifanywe kwa kompyuta moja baada ya nyingine, ili akidi isivunjike.

Ipo hoja kwamba mambo haya ni ya wataalamu na kwamba mkulima au mwenye duka hayamhusu. Hoja hiyo haina nguvu. Mwenye ghala hatengenezi kufuli, lakini anajua idadi ya funguo na nani anazishika. Vivyo hivyo, bodi ya chama inapaswa kuwa na orodha ya majina ya kompyuta zake, namba zake na mahali zilipo, imetiwa tarehe, na ikae kwa katibu na siyo kichwani mwa fundi. Mkataba useme wazi kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka orodha hiyo ikabidhiwe. Jina lichaguliwe mara moja, liwe kamili, na liandikwe vilevile kila mahali. Kompyuta zinazotunza hesabu zipewe namba za kudumu ambazo ruta haiwezi kuzibadilisha.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: je, mfanyabiashara mdogo anahitaji kompyuta tatu? Wengi hawahitaji. Mwenye duka moja Kilindoni atatosheka na kompyuta moja na nakala rudufu ya kila jioni iliyowekwa jengo lingine. Anayeuziwa mfumo wa vituo vitatu bila kuelezwa matunzo yake anauziwa jahazi bila nahodha. Ni afadhali daftari moja linalosomeka kuliko matatu yasiyotambuana.

Lakini chama ambacho kimeshaingia huko, na wanachama wake wanasubiri fedha za mazao kupitia mfumo huo, hakina kisingizio. Gharama ya orodha ya majina ni karatasi na saa moja ya kazi. Gharama ya kutokuwa nayo ni nauli ya fundi kuvuka kutoka Nyamisati, siku za kusubiri, na mkulima anayekopa kwa riba kwa sababu fedha zake zimekwama nyuma ya herufi moja. Viongozi wa vyama waiombe orodha hiyo kabla ya msimu kufunguliwa, na wanachama waulize katika mkutano mkuu kama ipo.