Nyama Yao, Mifupa ya Nani?

Nililala Nyanchwa, kilimani kando ya mji wa Kisii, na alfajiri nilipotoka kutawadha nikasikia vishindo vya miguu barabarani. Walikuwa watoto wapatao ishirini, wakikimbia wamefuatana, wengine na viatu na wengine bila, katika baridi ambayo sisi watu wa pwani tungeiita ugonjwa. Ilikuwa Jumapili. Jana yake sikumwona hata mmoja, kwani kilima kile ni cha Waadventista na Jumamosi kwao ni siku ya ibada. Mzee mwenyeji wangu, aliyeniita Shehe tangu alipoiona kofia yangu, akanionyesha kijana mmoja mwembamba, wa miaka kumi na minne hivi.

"Yule, Shehe, keshaandikwa. Aenda Japani kusoma."

Nikamwuliza kusoma nini. Mzee akacheka. "Kusoma kukimbia."

Ndugu msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni huko. Wakisii ni watu wa mbio tangu zamani. Nyandika Maiyoro alishindana katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, kabla Kenya haijawa na bendera yake. Munich mwaka 1972, katika wale wanne waliotwaa dhahabu ya mita 400 kwa kupokezana vijiti, watatu, yaani Asati, Nyamau na Ouko, walikuwa wana wa Kisii. Yobes Ondieki naye alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, huko Oslo mwaka 1993. Ouko na Ondieki walipita vyuo vikuu vya Marekani, lakini walikwenda wakiwa watu wazima, wenye kujua watokako na wanachokifuata.

Wajapani walizidi kushuka chini. Kwao kuna mbio ziitwazo ekiden, ambazo mkimbiaji humvisha mwenzake ukanda wa kitambaa badala ya kumpa kijiti. Iliyo kubwa kwa vyuo vikuu ni ile ya Hakone, siku mbili za mwanzo wa Januari, watu kumi kwa kila chuo, kilomita zipatazo 217 kutoka Tokyo kwenda na kurudi, na nchi nzima imekaa mbele ya televisheni. Chuo kikishinda hapo, jina lake lajulikana kila nyumba, na wanafunzi wenye kulipa karo wajileta wenyewe. Mwaka 1989 chuo cha Yamanashi Gakuin kilimtoa Joseph Otwori, akawapita watu saba katika kipande chake kimoja. Mwaka 1992 chuo hicho kikawa bingwa. Wakaja pia Isena, Mayaka, Mogusu. Majina ambayo Mkisii yeyote akiyasikia haulizi ni ya wapi. Na shule za sekondari nazo zina ekiden yao, kwa hiyo mtoto sasa hutafutwa kabla hajaota ndevu.

Hatusemi kuwa waliokwenda wote waliharibikiwa, hasha. Stephen Mayaka alikwenda angali mwanafunzi wa sekondari, akakijua Kijapani, akachukua uraia wa huko na akawa mwalimu wa wakimbiaji wa chuo kikuu. Huyo alisoma, wala hakukimbia tu. Walakini tumkumbuke na Samuel Wanjiru wa Nyahururu, aliyepelekwa Sendai mwaka 2002 akiwa na miaka 15. Mwaka 2008 aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki, na Mei 2011 alifariki, miaka 25 hajaitimiza. Hatuilaumu shule yake. Twasema tu kwamba kijana aliyeondoka kwa wazee wake mapema vile, akirudi, aghalabu hurudi na fedha nyingi kuliko washauri.

Na sisi wa pwani tuna udhaifu wetu katika jambo hili. Stephen Cherono alipokuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar mwaka 2003, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka ule ule, wapo barazani waliofurahi kama aliyeshinda ni binamu yao. Lakini jina la Kiislamu si jezi, la kuvaliwa siku ya mashindano. Huyo, hata hivyo, alikuwa mtu mzima. Ruth Jebet alianza kuikimbilia Bahrain mwaka 2013, miaka 17 hajaifikisha. Mwaka 2016 akaipa dhahabu ya Olimpiki, na mwaka 2018 akasimamishwa kwa dawa zilizopigwa marufuku, kisha akafungiwa miaka minne. Dhahabu imeandikwa kwa jina la Bahrain. Adhabu imeandikwa kwa jina lake.

Wakubwa wa riadha ya dunia waliliona tatizo. Mwaka 2017 walisimamisha uhamaji wa wanariadha, na mwaka 2018 wakatoa kanuni kwamba asiyefika miaka 20 hawezi kuhamia nchi nyingine, na anayehama angoje miaka mitatu. Ni kanuni njema, lakini yahusu bendera. Haimzuii mtu kuja Nyanchwa kumchukua mtoto wa miaka kumi na minne kwa jina la masomo, mradi asimvishe rangi za taifa lake.

Wenye bezboli wa Marekani, ambao huwatia saini vijana wa Jamhuri ya Dominika wangali na miaka 16, baadhi ya kambi zao huko zimeweka madarasa ili kijana amalize sekondari, maana walio wengi hawatafika ligi kuu. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ilisaini vijana wawili wa Uganda. Hawa nao wamekwisha kuwa jirani.

Baba yangu aliponipeleka chuoni alimwambia mwalimu maneno waliyoyasema wazee wote: nyama yako, mifupa yangu. Nami nilichapwa, sitaki kuficha. Ila mkataba ule ulikuwa wazi kwa pande zote. Nilikwenda kusoma Kurani, na siku ya kuhitimu ilijulikana kwa kila jirani. Nikichelewa juzuu moja mwaka mzima, baba alikuwa na njia ya kwenda kuketi na mwalimu barazani baada ya Alasiri, amwulize kulikoni. Mifupa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa karibu.

Nilimwuliza mzee wa Nyanchwa kama baba wa kijana yule ameonyeshwa mkataba. Akasema anao, kurasa nne, ameuweka sandukuni pamoja na hati ya shamba. Umeandikwa Kijapani. Wakala ndiye aliyewafasiria, na wakala huyo ndiye anayelipwa mtoto akipanda ndege.

Basi twataka mambo machache, wala si makubwa. Mkataba wa mtoto uandikwe pia kwa lugha aisomayo baba yake. Useme atasoma hadi darasa gani, na kama goti litavunjika mwaka wa pili je, ataendelea na shule au atarudishwa kama mzigo? Nauli ya kurudi iwekwe mapema, tena mikononi mwa mtu asiye wakala. Na nakala moja ikae katika ofisi ya elimu, pamoja na jina la mtu wa kuulizwa huko aendako. Chama cha riadha chaweza kuyadai haya kabla mtoto hajaondoka, kwani baada ya hapo hana nguvu tena.

Kutoka Nyanchwa hadi ofisi za elimu mjini Kisii ni mwendo wa miguu. Baba wa kijana yule aweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri.