Mafungu ya Nyanya na Hisabati ya Wakubwa

Wako watu miongoni mwetu, tena watu wa elimu, wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na mashairi, na kwamba ikifika zamu ya hisabati ya juu sharti kinyamaze, lugha nyingine iseme. Wako na wengine, aghalabu ni wale wale, waonao kuwa mwanafunzi akithibitisha jambo kwa kuchora nukta amecheza, hakusoma. Nataka kushindana na madai haya mawili kwa pamoja, na shahidi wangu nitamtoa sokoni, kwa kuwa ndiko wanakokutaja kwa dharau.

Nenda Tandale katika Kinondoni, au Tandika upande wa Temeke, saa mbili ya asubuhi. Utawaona akina mama wamekwisha kumwaga nyanya juu ya gunia nao wanazigawa mafungu: hili la nne, hili la tatu, zilizosalia mbili mbili. Hapana aulizaye fungu lipi limetangulia. La tatu na la mbili ni sawa na la mbili na la tatu. Basi jambo hilo hilo, msomaji, wanahisabati wamelichungua tangu karne ya 18. Chukua nyanya 5. Waweza kuziweka fungu moja la 5. Ama 4 na 1. Ama 3 na 2. Ama 3 na 1 na 1. Ama 2 na 2 na 1. Ama 2 na 1 na 1 na 1. Ama zote moja moja. Njia ni 7, wala hapana ya nane. Nyanya 6 zina njia 11, nyanya 10 zina njia 42, na nyanya 100, ambazo hazijazi hata tenga, zina njia 190,569,292.

Neno gani hapo limekosekana? Fungu ni letu tangu kale; hata mchanga uliojikusanya baharini tunauita fungu, na mvuvi wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam anaijua Fungu Yasini bila ya kuonyeshwa ramani. Mtu akiniambia kwamba maarifa haya hayasemeki kwa Kiswahili, namjibu kwamba nimekwisha kuyasema.

Sasa nije kwenye nukta. Nyanya 7 zimegawanywa 4, 2 na 1. Ziandike kwa mistari, fungu kubwa juu:

• • • •
• •
•

Umeisoma picha hii kwa kulala. Isome kwa kusimama, kutoka kushoto: 3, 2, 1, 1. Nyanya ni zile zile 7, lakini mgawanyo ni mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa na mafungu 3 na kubwa lao ni la 4. Huu una mafungu 4 na kubwa lao ni la 3. Kwa hiyo njia za kugawa idadi yoyote katika mafungu 3 ni sawasawa na njia za kuigawa ambazo fungu kubwa ni la 3. Picha za namna hii zinaitwa kwa jina la Ferrers, Mwingereza ambaye hoja yake ilitangazwa na Sylvester mwaka 1853.

Wapinzani wangu watasema: picha ni ya nyanya 7 tu, je, 7,000? Hoja hii si ya kipumbavu, nami siipuuzi. Lakini tazameni ni kitu gani kilichothibitisha. Si ile saba. Ni kule kupindua: kunapindua kila picha, hakupotezi nukta, na ukipindua mara ya pili unarudi ulikotoka. Kwa hiyo kila mgawanyo wa namna moja una mwenziwe mmoja wa namna ya pili, wala hapana aliyebaki mjane. Hoja isiyotegemea idadi ni hoja ya idadi zote. Anayeikataa kwa sababu imechorwa, basi na aikatae jiometri nzima.

Nakiri kwamba picha haifiki kila mahali. Hakuna atakayechora njia milioni 190. MacMahon, aliyekuwa askari wa mizinga kabla ya kuwa mwanahisabati, alizihesabu njia hizi kwa kanuni, si kwa kuchora, hadi kufikia idadi ya 200. Na Ramanujan, aliyekuwa karani katika ofisi ya bandari ya Madras kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1914, alitoa pamoja na Hardy mwaka 1918 kanuni ya kuzikadiria, ambayo inataka hisabati nzito kweli kweli. Lakini huyo huyo Ramanujan, alipoiangalia orodha ya MacMahon, aliona kwamba nyanya 4 zina njia 5, 9 zina 30, 14 zina 135, na kwamba kila idadi inayoishia na 4 au 9 ina njia zinazogawanyika kwa 5. Aliona kwanza, akathibitisha baadaye. Sisi tunawataka watoto wathibitishe kabla hawajaona kitu.

Tena tunawataka hivyo kwa lugha ya kigeni. Mtoto wa Mbagala amejifunza hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Akiingia sekondari anabadilishiwa maneno yote kwa siku moja, kisha katika mtihani wa kidato cha nne watahiniwa walio wengi huanguka katika hisabati, nasi tunasema hawana akili ya namba. Mama yake je, agawaye tenga zima bila ya kalamu?

Euler alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1748 kwamba njia za kugawa idadi katika mafungu ya witri ni sawa na njia za kuigawa katika mafungu yasiyolingana. Hapo kupindua picha hakutoshi. Lakini muuza nyanya anaweza: achukue mafungu yaliyo sawa, ayaunganishe mawili mawili mpaka pasiwe na yanayolingana. 3, 1, 1 yatakuwa 3, 2. Moja moja tano zitakuwa 4, 1. Tano peke yake hubaki tano. Na kurudi, fungu la shufwa hukatwa katikati mpaka yabaki ya witri matupu. Nawapa wapinzani wangu nyanya 7 wajaribu. Watapata njia tano huku na tano huku, na wakishindwa kuzipata waende Tandika wakaulize, kwa Kiswahili.