Pesa ya musaada ifike mbele ya mwezi wa tisa

Wandugu wanachama, katika mikutano ya vyama tunasikia maneno haya: tangu watu wapate pesa ya musaada, hawataki tena kuuzisha ng'ombe, wamekuwa wavivu. Sisi hatukubali. Mkulima anayekataa bei ya hasara si mvivu. Amepata nguvu ya kungoja.

Tuangalie huku Kivu ya Kusini, Walungu na Kabare. Kuanzia mwezi wa sita mvua inapotea, majani yanakauka, ng'ombe anakonda, maziwa yanapunguka. Mwezi wa tisa mvua inarudi, na mahitaji yote yanakuja pamoja: mbegu ya maharagi, watu wa kulima, minervali ya watoto wa sekondari. (Shule ya musingi ni bure tangu 2019, ndiyo, lakini daftari na viatu nani analipa?) Basi ng'ombe anapelekwa sokoni wakati bado ni mifupa. Mununuzi anajua kama wewe huwezi kurudi naye nyumbani. Anataja bei, ananyamaza.

Na ng'ombe haendi peke yake. Maziwa ya watoto yameenda, mbolea ya migomba imeenda, mali ya kuoea kijana nayo imeenda.

Ndiyo maana pesa kidogo ikifika mwezi wa nane inaweza kuokoa ng'ombe muzima. Ikifika mwezi wa kumi, ng'ombe amekwisha kuuzishwa; itanunua chumvi na sabuni tu. Tunaambia mashirika yote, na letu pia.

Jambo lingine linatuuma zaidi: liste. Mahali ambapo mwenye ng'ombe anafutwa, watu wanafanya hesabu. Wengine wanamuficha kwa shemeji, wengine wanamuuzisha haraka mbele ya siku ya kuandikisha. Mama mujane mwenye ng'ombe mumoja ni tajiri gani?

Hatusemi asiuzishwe kamwe. Aliyezeeka, asiyeshika tena mimba, auzishwe. Lakini auzishwe akiwa amenona, sikukuu za mwisho wa mwaka zikikaribia, na watu watatu wa chama wakiwa pembeni ya mwenyewe sokoni.

Kamati za vyama, mutuandikie mbele ya mwezi wa saba: kwenu ng'ombe wanauzishwa sana mwezi gani, na juu ya deni gani? Tutapeleka majibu yenu kwa wale wanaopanga siku za malipo.