Kona ya Vijana: Mashini ya kucheza kwa feza ya mwanafunzi



Mwezi huu tutazungumza juu ya jambo ambalo vijana wengi wa Uvira wananiuliza njiani: namna gani mwanafunzi mwenye feza kidogo anaweza kujiundia kompyuta yenye nguvu ya kucheza michezo? Wazazi, msigeuze ukurasa haraka. Jambo hili linawahusu na ninyi, kwa sababu mara nyingi ile feza inatoka mfukoni mwenu, hata kama hamkuambiwa.

Nianze na habari ya nyumbani kwetu.

Mtoto wa dada yangu anasoma hapa Uvira. Baba yake anachimba zahabu kule Misisi, upande wa Fizi. Miaka michache iliyopita baba alituma feza ya masomo, sehemu ya pili ya mwaka. Kijana hakuipeleka kulipa. Aliongeza akiba yake kidogo, akaanza kununua vipande vya kompyuta, kimoja hapa, kimoja pale. Siku moja jioni akaja kuniita.

"Mujomba, kuya uone! Hii mashini itabeba GTA bila kukwama."

Nilikwenda. Nikakuta sanduku zuri lenye kioo na taa za rangi, na ndani yake kadi kubwa ya picha yenye ventilateri mbili. Lakini kile kisanduku kinachogawa kuranti kwa vipande vyote kilikuwa cha bei ya chini kabisa, kimetolewa katika mashini ya zamani ya Marekani. Nyuma yake kulikuwa na kidude kidogo chekundu, kimeandikwa 115. Kuranti yetu ni ya volti 220. Yeye hakukitazama, na mimi mukubwa mtu sikukitazama. Akachomeka.

Pa! Moshi ukajaa chumbani. Kisanduku kilikufa, na kadi mama, yaani lile bamba kubwa linalounganisha vyote, ikafa pamoja nacho. Kadi ya picha tu ndiyo iliyopona.

Baba alipopata habari alipiga simu. Hakufanya makelele. Alisema neno moja tu: "Mimi ninachimba, yeye anachoma." Mitihani ya kipindi kile kijana hakuifanya, maana hakuwa amelipa.

Sasa, vijana, kosa lake halikuwa kupenda michezo. Alitumia feza isiyo yake, tena alianza kujenga nyumba kwa kupaka rangi. Tuone basi namna ya kuanza na msingi.

1. Kwanza kuranti

Kuranti ya Uvira inatoka mbali, kwenye mitambo ya mto Ruzizi. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana, ilianza mwaka 1989. Njiani inapungua, inarudi kwa nguvu, inakatika. Kila mama mwenye frigo anajua habari hiyo. Kompyuta inaijua zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kadi ya picha, tafuta stabilizateri nzuri, au onduleri, ile yenye betri ndani inayokupa dakika chache za kuzima mashini bila haraka. Na ukikuta kidude chekundu nyuma ya mashini, hakikisha kimewekwa kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Mashini nyingi za siku hizi hazina kidude hicho, zinapokea zenyewe volti 100 mpaka 240. Hata hivyo soma karatasi iliyobandikwa. Kusoma hakulipishwi.

Wenye sola wafanye hesabu. Prosesa inakula kama wati 65, kadi ndogo ya picha wati 75, ukiongeza skrini na vingine unakaribia wati 200 wakati wa kucheza. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini haifai kuimaliza zaidi ya nusu, itakufa mapema. Nusu ni 600. Gawa kwa 200: saa tatu, na kwa kweli zinapungua, kwa sababu mashini ya kugeuza kuranti nayo inakula. Laptopu ya kawaida inatumia robo ya ile. Kama nyumbani hakuna kuranti ya kutegemea, laptopu ndiyo jibu lako, hata kama haina nguvu nyingi.

2. Tafuta mashini ya ofisi

Vijana wanataka kununua kila kipande kipya. Kwa feza ya mwanafunzi haitoshi. Njia ya akili ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kisha kuipa kadi ya picha. Maofisi na mashirika huko Ulaya na Uarabuni yanabadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani zinauzwa kwa bei ndogo. Nyingine zinashuka Dar es Salaam, zinapita Kigoma, zinavuka ziwa mpaka Kalundu.

Chagua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, kwa mfano Core i5-8500 yenye viini sita. Utaikuta katika Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, na katika HP EliteDesk 800 G4, zote za mwaka 2018. Kwa nini kizazi cha nane? Kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kizazi hicho kwenda juu. Mwenye mashini ya zamani zaidi asilie, anaweza kuweka Linux, ambayo ni ya bure, na michezo mingi inacheza humo.

Angalia umbo. Mashini hizo ziko za namna tatu. Ile ndefu kama mnara ndogo inapokea kadi ya kawaida. Ile nyembamba inapokea kadi fupi tu. Ile ndogo kama kitabu haipokei kadi hata moja. Usikubali muuzaji akuambie "yote ni sawasawa."

3. Kadi ya picha isiyoomba waya

Kisanduku cha kuranti cha mashini ya ofisi ni kidogo, na mara nyingi hakina waya wa kulisha kadi kubwa. Tena Dell ana viungo vyake mwenyewe, si kila kisanduku cha sokoni kinaingia. Lakini ile nafasi ambamo kadi inachomekwa inaweza kutoa wati 75. Basi tafuta kadi inayotosheka na hizo: GTX 750 Ti ya mwaka 2014, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au GTX 1650 ya mwaka 2019, isiyo na tundu la waya juu yake. Ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko hizo mbili. Kwa mashini nyembamba, omba ile fupi.

Hapa angalisho kubwa. Kuna watu wanachukua kadi ya zamani kabisa, wanabadilisha programu yake ya ndani ili ijiite 1050 Ti. Ukiifungua mashini inaandika jina zuri, lakini mchezo unakwama. Usilipe kabla ya kuijaribu. Beba katika flashi programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Tangu mwaka 2018 inatambua nyingi za kadi hizo za uongo na kuandika wazi kwamba ni bandia. Muuzaji anayekataa kadi yake ijaribiwe, amekwisha kukujibu.

4. Memori na diski

Gigabaiti 8 za memori ni mwanzo, 16 ni raha. Vipande viwili vya 8 ni vizuri kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inasoma vyote viwili pamoja. Diski iwe SSD, isiyozunguka, hata ndogo. Mashini ya zamani ikipata SSD unaweza kufikiri imezaliwa tena.

Bei ya memori ilipanda sana ulimwenguni tangu mwisho wa mwaka 2025, kwa sababu viwanda viligeukia mashini kubwa za akili bandia. Wazee wa mashimo hawatashangaa. Wanakumbuka mwaka 2000, namna koltani ilivyopanda ghafula, watu wakaacha mashamba, na mwaka 2001 ikaanguka. Soko ni lile lile, sasa tunaliona kutoka upande wa mnunuzi. Kwa hiyo kompyuta yenye memori ya kutosha tayari ndani yake ni bora kuliko ile tupu ya bei ndogo.

Na ukiifungua, itazame vizuri. Meno ya ile memori yamepakwa zahabu. Vipande vimeshikwa na bati, linalotoka katika kasiteriti. Vile vidude vidogo vya kutunza kuranti, vingine vimetengenezwa kwa tantali ya koltani. Kijana wa Kivu anayefungua kompyuta anaona kazi ya baba yake ikimrudia kutoka mbali.

5. Michezo gani?

Usidanganywe kwamba utacheza kila kitu. Mashini hii itabeba vizuri GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, michezo mingi ya mpira ya miaka ile, na Valorant. Lakini GTA V peke yake inapita gigabaiti 60, na kwa bei ya megabaiti za simu mwanafunzi hataimaliza kuishusha. Kama umeinunua kwa haki, ishushe penye intaneti ya bei nafuu, uilete kwa diski. Kuna pia michezo ya bure kabisa, kama 0 A.D. na SuperTux, ambayo unaweza kumpa jirani kwa flashi bila kuiba kitu cha mtu. Michezo hiyo haidai intaneti kila siku.

6. Gawa feza yako

Tuseme umeweka dola 200. Zigawe sehemu kumi. Sehemu tano ni za mashini. Sehemu mbili ni za kadi. Sehemu moja ni ya stabilizateri. Sehemu moja ni ya skrini iliyotumika, na ya mwisho ni ya safari, duani na ajali. Ukinunua Bujumbura au Kigoma, omba fakture, watu wa mpakani wataiuliza. Kama feza haitoshi kwa yote, acha kadi kwanza. Mashini bila kadi inaandika, inahesabu, inacheza michezo midogo. Kadi bila mashini ni kipande cha chuma tu.

Sasa nimalizie habari ya yule kijana. Aliiuza ile kadi kubwa iliyopona, feza akairudishia deni la masomo, haikutosha. Mwaka uliofuata alijiandikisha upya. Alinunua mashini ya ofisi, bila kioo, bila taa, yenye alama ya kibandiko cha ofisi ya watu huko Ulaya. Miezi sita haikuwa na kadi ya picha. Mchana aliitumia kuwaandikia wanafunzi wenzake TFC zao, ukurasa kwa ukurasa, na kutoa karatasi. Feza ya kurasa zile ndiyo iliyonunua 1050 Ti. Aliijaribu mbele ya muuzaji mara mbili, huyu akachoka.

Baba alipokuja kutoka Misisi wakati wa likizo, alikaa nyuma yake akimwangalia akicheza mpira kwenye skrini. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza:

"Hii nayo ni kwa feza yangu?"

"Hapana, papa. Hii imejilipa yenyewe."

Muzee akavuta kiti karibu. "Basi nionyeshe namna ya kupiga."

Alifungwa mabao saba, na mpaka leo anasema ile mashini inamwonea.

Vijana, kompyuta inayocheza tu inakula kila siku. Ile inayofanya kazi, hata kucheza itawalipia. Haraka haraka haina baraka. Anza na kuranti, tia taa za rangi mwishoni, kama bado utazitaka.

Mwezi ujao tutajibu ninyi mliouliza namna ya kutunza betri ya sola isife kabla ya mwaka. Kaeni salama.